Karani wa korti ya Lamu aliyeacha kazi mwaka 1930

Swali: Shikamoo Maalim. Bibi yangu alifariki mwaka jana hapa Langoni, na ndani ya kasha lake tumekuta bahasha ya karatasi za baba yake, ambaye nyumbani tulizoea kumwita Babu Karani. Alikuwa karani wa korti ya Lamu zama za Mwingereza. Kuna nakala ya barua yake ya kuacha kazi, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, ya tarehe 12 Rajab 1349. Ami yangu ameisoma: anasema mwili umedhoofika na jamaa zake wanamhitaji, basi. Kuna majibu ya Kiingereza yaliyopigwa taipu, ya Desemba 1930, kwamba ombi lake limekubaliwa na atalipwa mshahara wa mwisho akishakabidhi ofisi. Na kuna orodha ya vitu alivyokabidhi, ina saini mbili. Picha zote nimekutumia. Upande mmoja wa ukoo husema aliacha kazi kwa sababu alikataa kuandika ushahidi wa uongo aliolazimishwa na Mzungu. Upande wa pili, tukigombana, hutwambia alikula pesa za korti akafukuzwa. Kweli ni ipi? Nitaitafuta wapi? Na je, tulipoteza pensheni yake?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na bibi.

Nianze na hilo la kula pesa, maana hilo karatasi zako zinaweza kulijibu zenyewe. Karani wa korti wa zama hizo hakuwa mwandishi peke yake, alikuwa mshika fedha pia. Aliyekuja kufungua shauri alilipa ada mbele yake. Aliyetozwa faini, aliyetaka nakala ya hukumu, aliyeamriwa kuweka amana mpaka kesi iishe, fedha zao wote zilipita mezani kwake, na kila malipo yalitolewa risiti kutoka kitabu chenye namba za mfululizo. Siku ya kukabidhi, mwenye kupokea ofisi hutazama namba ya risiti ya mwisho, akailinganisha na kitabu cha fedha, kisha akahesabu kilichomo sandukuni. Orodha uliyonitumia inafuata utaratibu huo huo: daftari za mashauri, kitabu cha fedha, vitabu vya risiti pamoja na namba ya risiti ya mwisho, sanduku la chuma na ufunguo wake, muhuri mmoja. Chini kuna saini ya atoaye na saini ya apokeaye, na hakuna neno la upungufu popote. Aliyepokea hakuwa na sababu ya kumsitiri mwenziwe, kwani kikipungua kitu baada ya saini yake, deni ni lake yeye.

Na sheria haikuwa ya mchezo. Mpaka Julai 1930 makosa ya jinai Kenya nzima, Pwani ikiwemo, yalihukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India, na kifungu chake cha 409, kinachomhusu mtumishi wa serikali aliyekula amana, kilikuwa na adhabu iliyoweza kufika uhamisho wa maisha. Tarehe 1 Agosti 1930 ikaanza kutumika Kanuni ya Adhabu ya Kenya yenyewe, nayo haikumwonea huruma mtumishi mwizi. Jela haikuwa mbali: ngome ya Lamu, hapo Mkunguni, ilikuwa jela mpaka 1984. Karani aliyekula pesa za korti angepitishwa mlango ule mchana kweupe, mji mzima ukimwona, na habari yake isingebaki kuwa ya kurushiana wakati wa ugomvi tu.

Najua atakayekujibu kwamba serikali wakati mwingine ilimwachia mtu aandike barua mwenyewe ili aibu ipungue. Kweli, njia hiyo ilikuwepo. Lakini mtu aliyeachiwa hivyo kwa sababu ya fedha hulipishwa kwanza, au mshahara wake wa mwisho hukatwa, na alama yake hubaki kwenye karatasi. Majibu ya Desemba yanasema atalipwa akishakabidhi, na orodha inaonyesha amekabidhi. Kwa maoni yangu maneno ya kwamba alikula pesa hayana pa kusimama. Wakiyarudia, waambie walete karatasi yao.

Hiyo hadithi ya kukataa kuandika uongo ni ngumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza fahamu ni korti ipi. Lamu ya 1930 ilikuwa wilaya chini ya mkuu wa mkoa aliyekaa Mombasa. Kisheria ilikuwa ndani ya ule ukanda wa pwani wa Sayyid, yaani sultani, wa Zanzibar, ambao Mwingereza aliuendesha kama himaya tangu 1895 na ambao hata bara ilipogeuzwa koloni mwaka 1920 wenyewe ulibaki himaya. Siku ya makabidhiano ya 1895, Sir Lloyd Mathews, waziri wa Sayyid, aliwatangazia watu Mombasa kwamba mambo ya dini ya Kiislamu na desturi za kale yataachwa yalivyo. Ndiyo maana kulikuwa na milango zaidi ya mmoja ya kuingilia na shauri lako: kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi; liwali, na huko visiwani na bara mudiri aliye chini yake, kwa madai na makosa madogo ya Waislamu; na Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kizungu, ambaye asubuhi alikusanya kodi na adhuhuri akaketi kuwa hakimu. "Karani wa korti" aweza kuwa wa mlango wowote kati ya hiyo, na wengine walitumikia miwili.

Sasa tazama kazi ilivyofanywa. Katika korti ya DC, hakimu mwenyewe ndiye aliyeandika ushahidi, kwa mkono wake, kwa Kiingereza. Ndivyo sheria za India zilivyotaka, nazo ndizo zilizoletwa hapa tangu 1897. Karani wa Kiamu katika korti hiyo alikuwa mkalimani: shahidi wa Kibajuni au wa Kipokomo anasema, karani anageuza, Mzungu anaandika. Kwa hiyo Mzungu hakuwa na haja ya kumlazimisha babu yenu *kuandika* ushahidi wa uongo. Kalamu alikuwa nayo mwenyewe. Ikiwa ugomvi ulitokea pale, basi ulikuwa juu ya kufasiri, na hadithi imebadilika kidogo njiani, jambo ambalo si la ajabu kwa hadithi ya miaka tisini na zaidi.

Kwa liwali na kwa kadhi ndiko karani alikokuwa mwenye kalamu. Huko maneno ya shahidi yaliingia daftarini kwa hati za Kiarabu, kwa mwandiko wa karani, na neno moja likiongezwa au likipunguzwa shamba lilibadilisha mwenyewe. Ikiwa babu yenu alikataa kuandika uongo, basi mahali pa kukataa palikuwa hapo. Lakini hapo hapakuwa na Mzungu. Aliyemshurutisha, kama yuko, alikuwa mtu wa mji: mdai mwenye nguvu, jamaa wa mwenye cheo, pengine jirani wa msikiti mmoja. Nakwambia hivi ujiandae, kwa sababu Mzungu ni mtu mwepesi wa kulaumiwa. Amekwenda kwao, hana wajukuu mtaani Mkomani, hakuna harusi itakayovunjika kwa kutajwa kwake.

Hapo utaelewa pia kwa nini barua yake haisemi kitu. Barua za kuacha kazi za makarani wa serikali zote zinafanana: afya, wazee, watoto, shamba. Karani alijua barua hiyo itatiwa jaladani, itasomwa na DC, na nakala huenda ikafika Mombasa, na mwenye kuibeba kutoka meza hii mpaka ile ni karani mwenziwe. Angeandika "nimeonewa na fulani" na fulani anaswali safu ya mbele? Udhaifu wa mwili haumkosei mtu yeyote. Basi ukimya wa barua usiuchukue kuwa dalili kwamba hapakuwa na jambo, wala usiuchukue kuwa ushahidi kwamba lilikuwepo.

Ila tarehe zinasema zaidi ya maneno. 12 Rajab 1349 inaangukia mwanzoni mwa Desemba 1930, kama tarehe 3, ukiacha tofauti ya siku moja au mbili kwa kuandama mwezi. Majibu nayo ni ya Desemba hiyo hiyo. Hiyo ni haraka kwa ofisi ambayo jambo la watumishi hulipeleka Mombasa kwa chombo na kungoja jibu lirudi na chombo. Majibu ya haraka namna hii hunifanya nidhani kwamba jambo lilikwisha zungumzwa kwa mdomo, na barua ikaja mwishoni kukamilisha karatasi.

Kuna uwezekano wa tatu ambao ukoo wenu hawausemi kabisa, na mimi ndio ninaoupa uzito: kazi yenyewe ilimkimbia. Mwaka 1930 haukuwa mwaka wa kawaida kwa karani wa umri wake. Mtu aliyejifunza kwa mazoea vifungu vya India akaletewa kanuni mpya ya adhabu na kanuni mpya ya mwenendo wa kesi za jinai, vyote vikianza Agosti, miezi minne tu kabla ya barua yake. Sheria ya India ya ushahidi ikabaki vile vile, na ikaendelea kutumika mpaka 1963, kwa hiyo karani alitakiwa kuchanganya ya zamani na mapya katika kesi moja. Miaka miwili nyuma, mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulikwisha kukata shauri kwamba Kiswahili cha vitabu na shule kiwe cha Unguja, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi Januari 1930. Kiswahili hicho ni cha hati za Kirumi. Kijana aliyetoka shule ya serikali alikijua, na taipu aliijua. Mzee aliyesomea chuo cha Kurani, mwenye mwandiko ambao hata katika picha ya simu unapendeza, thamani yake ofisini ilikuwa inashuka kila mwezi.

Na ajabu ni kwamba nje ya ofisi mwandiko ule ule ulikuwa unatafutwa. Zama hizo hizo Muhammad Kijuma, mwandishi na mchonga mbao wa hapa hapa Lamu, alikuwa akinakili tenzi kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, akina Alice Werner na William Hichens. Mzungu wa chuo kikuu aliutaka mwandiko wa Kiamu, Mzungu wa ofisi alitaka fomu iliyojazwa kwa Kirumi. Babu yenu alifanya kazi kwa huyu wa pili.

Kuacha mshahara wakati ule hakukuwa jambo dogo, na hili pia lipime. Lamu ilikuwa imefilisika. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, mashamba ya bara mkabala na visiwa yalikosa wa kuyalima. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa, biashara iliifuata huko Kilindini. Juu ya hayo, mwaka 1930 bei za mazao zilikuwa zinaanguka dunia nzima na serikali ya Kenya inatafuta pa kupunguza gharama. Mshahara wa karani, hata ukiwa mdogo, ulikuwa fedha taslimu ya kila mwezi katika mji ambao wengi walikuwa na heshima na nyumba ya mawe lakini hawana fedha. Mtu hauachi kwa hasira ya siku moja. Wala hakupunguzwa kazi: mtu ambaye nafasi yake imefutwa huandikiwa kuwa imefutwa, na huwa na madai ya malipo. Yenu inasema *ombi* limekubaliwa.

Basi utajuaje ni lipi kati ya hayo mawili, ugomvi au kazi kumkimbia? Usiitafute barua nyingine. Tafuta daftari la korti na ulifungue pale Desemba 1930 inapoishia. Soma ukurasa wake wa mwisho, kisha tazama unaofuata. Ukikuta mwandiko umebadilika lakini hati ni zile zile za Kiarabu, basi alichukua nafasi yake mtu wa aina yake, na ofisi haikuwa na shida na ujuzi wake. Hapo nitaanza kuiamini zaidi hadithi ya ugomvi. Ukikuta hati zimegeuka za Kirumi, na tarehe za Hijria zimeondoka zimekuja za miladi, umekwisha kupata jibu lako, na mimi sitakuwa na la kuongeza. Halafu rudi nyuma miezi kama mitatu katika majalada ya kesi zenyewe. Karani aliyekataa kuandika huonekana: ushahidi unaanza kwa mkono wake na katikati ya shauri unaendelea kwa mkono wa mwingine, bila maelezo, kisha shauri linalofuata yeye anarudi. Ukipata pengo la namna hiyo, soma hilo shauri lote na uangalie nani alishinda.

Mahali pa kutafuta. Anza hapo hapo Lamu, ofisi ya kadhi, kwa adabu na kwa barua. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu ilikuwepo tangu 1906, kwa hiyo uliza pia rejista za ndoa: mwandiko wa babu yenu huenda umo hata kama korti yake haikuwa ya kadhi, na ukishaujua vizuri utautambua popote. Kisha Nairobi, Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la Bank of India. Majalada ya wilaya yana alama DC/LAM na ya mkoa PC/Coast. Wewe usianze na taarifa za mwaka, ingawa ndizo kila mtu atakazokuonyesha kwanza. Omba taarifa za makabidhiano, zile ambazo DC anayeondoka humwandikia anayeingia. Ndimo husema wazi nani katika ofisi ni wa kutegemewa na nani ana ugomvi na nani. Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka tangu 1899, lipo hata mtandaoni, lakini humo utakuta uteuzi wa maliwali na makadhi. Karani mdogo ni bahati. London usijisumbue. Jalada CO 533 la nyaraka zao za serikali lina barua za gavana na waziri, na gavana hakumjua karani wa Lamu.

Ukizisoma hizo taarifa za makabidhiano, moyo wako uwe mgumu. Utakuta Waarabu na Waswahili wa Pwani wakiitwa wavivu kurasa baada ya kurasa, na maDC wakirithishana neno hilo kama samani ya ofisi. Akiandikwa babu yenu kuwa mzito au mkaidi, uliza kwanza alikataa nini wiki hiyo.

Jambo jingine nakuomba kama mzee wako. Daftari hizo zina mambo ya watu: talaka, madeni, watoto waliokanwa, na nani alikuwa mtumwa wa nani kabla ya 1907. Lamu ni mji mdogo na majina ni yale yale. Nakili yanayomhusu babu yenu, mengine yasome uelewe na uyaache pale. Na ukimpata mtu wa mji aliyemshurutisha, kama yuko, fikiri sana kabla hujamtaja kwenye mikusanyiko ya ukoo.

Pensheni: aliyeacha kazi kwa ombi lake mwenyewe alipoteza haki ya pensheni na ya kiinua mgongo, ndiyo kanuni iliyokuwepo, na makarani wengi wenyeji hawakuwa hata katika nafasi za pensheni, walilipwa mwezi kwa mwezi. Hakuna dai mnaloweza kulifungua leo, na mtu akiwaambia lipo, akataka ada ya kuwafuatilia, mkimbieni. Mkipata hati za zamani za mshahara zilizoandikwa rupia, msidhani ni kazi nyingine: rupia ilitumika mpaka 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi, na rupia moja ikahesabiwa shilingi 2.

Karatasi zenyewe usizitie plastiki ya moto wala kuzibandika seloteipu, hata pale palipochanika. Ziweke bapa, moja moja, katika karatasi nyeupe safi ndani ya sanduku kavu mbali na ukuta wa upande wa bahari, maana chumvi na unyevu wa Lamu ni adui kuliko mchwa. Zipige picha mbele na nyuma. Nyuma ya ile barua ya Kiingereza, kwenye picha yako, naona kivuli cha maandishi ya penseli pembeni juu. Huenda ni namba ya jalada. Ipige tena picha kwenye mwanga wa dirishani, kwa upande, unitumie. Tukiipata namba hiyo, Nairobi utaomba jalada moja badala ya kupekua mwaka mzima.